Nataka kujifunza kilimo hai kwa kushika jembe mwenyewe. Nianzie wapi?

mhasibu_tabata

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mhasibu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Marehemu baba alituachia mimi na dada yangu nusu eka Mlandizi, upande wa kuelekea bonde la Ruvu. Pana kisima kifupi, miembe miwili ya zamani na mkorosho mmoja. Kwingine kote ni mchanga na majani. Ndugu walitushauri tuuze, tukakataa. Tunataka pawe shamba la mboga na matunda litakalolisha nyumba zetu mbili na ibaki ya kuuza, na tumekubaliana tusipige dawa za viwandani kabisa, kwa sababu watoto ndio watakaokuwa wanachuma na kula papo hapo.

Nimesoma sana. Nafuatilia jarida la Mkulima Mbunifu, video ndiyo usiseme. Mboji, matandazo, kilimo mseto, mzunguko wa mazao, yote nayaelewa nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikifika shambani nikasimama na jembe, sijui udongo uwe na unyevu kiasi gani ndipo nipande. Sijui mche ulio tayari kuhamishwa unafananaje. Haya mambo naona lazima mtu akuonyeshe mkiwa mmeinama wote kwenye tuta.

Naomba kujuzwa: nani anapokea mtu mzima mwenye ajira anayetaka kujifunza kwa vitendo? Ni bora nilipie kozi au nikajitolee kwa mkulima? Likizo yangu ya mwaka ni siku 28, nilikuwa nawaza kuzitumia zote kwa mkupuo. Wenye uzoefu, hasa wa ukanda wa Pwani, naombeni mwongozo.

jogoo_wa_kihonda

Mkuu, njoo kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hapa Morogoro, viwanja vya Mwalimu Nyerere. Kanda ya Mashariki yote tunakutana hapa, Pwani na Dar mkiwemo. Usiishie kwenye mabanda ya biashara, nenda moja kwa moja kwenye vipando. Utakuta mboga zimepandwa mapema, zipo hai ardhini, na mabwana shamba wamesimama pembeni wanasubiri kuulizwa. Njoo siku za mwanzo. Tarehe 8 Agosti yenyewe watu ni wengi, huwezi kuongea na mtu akakusikiliza.

nyandira_juu

Mdogo wangu, poleni kwa kuondokewa na baba, na hongereni kwa kutouza.

Mimi ni mkulima wa mboga Mgeta, milima ya Uluguru upande wa magharibi. Nalima kabichi, karoti na njegere, na nafuga mbuzi wa maziwa wa ile mbegu ya Kinorwe iliyoletwa huku kupitia SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Vijana wa mjini wanaotaka kujifunza kama wewe huwa wanakuja kwangu, kwa hiyo nakuandikia ninachokiona kwao. Anayeondoka na ujuzi ni yule aliyekaa na zao moja, kwa mkulima mmoja, tangu mbegu inaingia kitaluni hadi gunia linapanda gari. Anayezunguka mashamba kumi anarudi na picha nyingi kwenye simu, mkono wake haujazoea kitu.

Kwa hiyo likizo usiimalize kwa mkupuo. Kabichi peke yake inakaa kitaluni karibu mwezi mzima, halafu shambani miezi miwili hadi mitatu. Siku 28 mfululizo ungeona miche, ungeona labda inavyohamishwa, basi, umesharudi ofisini kabla mdudu wa kwanza hajafika. Na mdudu akifika ndipo utakapojifunza kweli.

Ningekuwa wewe, siku chache za mwanzo ningezipeleka kwenye kozi. SAT, yaani Sustainable Agriculture Tanzania, wana kituo cha mafunzo Vianzi, nje ya mji wa Morogoro, wilaya ya Mvomero. Wanafundisha kilimo hai na mazao yapo palepale ya kuyashika. Ratiba na ada ulizia ofisini kwao mjini. Kozi itakupangia mambo kichwani, ujue kwa nini hiki kinatangulia kile. Siku zilizobaki za likizo ziweke akiba kwa vipindi vizito, kupanda na kuvuna.

Halafu, na hili ndilo nalisisitiza kuliko yote, tafuta mkulima mmoja hukohuko Mlandizi, mwenye udongo kama wako, uwe kwake kila Jumamosi msimu mzima. Kwangu njoo kutembea tu. Huku kuna ukungu na baridi, na shamba limeinuka mpaka unalima ukiwa umeegemea mlima. Nikikufundisha kabichi na karoti utakwenda kuzipanda kwenye mchanga wenye joto, zitakuvunja moyo bure. Kwenu ni mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, pilipili, kisamvu, mapapai.

Sisi wa Uluguru tunalijua jambo hili kwa uchungu. Miaka ya 1950 mkoloni alilazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, amri kutoka juu. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini kwenye miteremko mikali udongo mzuri ni tabaka jembamba tu la juu. Ukichimba ngazi pana unaufukia ule na kuuleta juu usiozaa. Watu wakawa wanavunja mgongo kuchimba matuta na mazao hayaji. Mwaka 1955 kukatokea vurugu Matombo, mtu akauawa, na mpango ukafa. Huku Mgeta nako watu wana ngazi zao nyembamba, wanazifanya kwa jembe la mkono na kufukia majani ndani ya tuta, yanaozea humohumo yanakuwa mbolea. Lengo ni lilelile, kuzuia udongo usiende. Tofauti ni kwamba hizi zimetoka kwa mtu aliyeushika udongo wa mahali hapo maisha yake yote. Ndiyo sababu nakuambia ujifunzie Mlandizi.

Namna ya kumwendea huyo mkulima. Hana muda wa mwanafunzi, ana muda wa mtu wa kazi. Nenda na jembe lako na buti, ufike alfajiri, mwamkie vizuri, mwambie akupe ngwe ulime. Ukimaliza ngwe yako ndipo uulize maswali. Chukua unga au sukari upeleke nyumbani kwake, mtakula pamoja atakachopika. Na mkubaliane mapema jambo moja: akuache ufanye mwenyewe, yeye akusahihishe. Wakulima wengi wakimwona mtu wa ofisini anahangaika wanamhurumia na kumpokonya jembe, na hapo hujifunzi kitu.

Sasa yale uliyouliza. Udongo: chukua konzi kutoka chini kidogo, usichukue wa juu. Kaza ngumi, halafu fungua. Ukimwagika wote, ni mkavu. Maji yakitoka kati ya vidole, yamezidi. Ukibaki donge, na donge likavunjika ukiligusa kwa kidole gumba, panda. Kwenye mchanga donge linakuwa dhaifu sana, kwa hiyo lifanye hili ukiwa na mtu anayeujua mchanga huo, mara nyingi, hadi kiganja chako kijue chenyewe.

Mche wa nyanya ulio tayari una majani halisi manne au matano na shina limekaza, ukiugusa haulegei. Wiki moja kabla ya kuuhamisha punguza maji na uondoe kivuli taratibu, uzoee jua. Hamisha jioni, mwagilia papo hapo.

Mboji: sisi tunaanza na mabua na vijiti chini ili hewa ipite, yanafuata majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo wa juu, maji, halafu unarudia hivyohivyo mpaka lundo lifike kiunoni au lipite. Katikati tunachomeka mti mrefu uliochongwa ncha. Baada ya siku chache unauchomoa na kuushika sehemu iliyokuwa ndani. Ukiwa wa moto na una unyevu, lundo linafanya kazi. Ukiwa wa moto lakini mkavu, wenye unga mweupe wa ukungu, lundo lina kiu, limwagilie. Ukiwa wa baridi, ama maji yamezidi ama samadi na majani mabichi ni kidogo: lipangue ulipange upya. Mgeni wangu yeyote kitu cha kwanza ninachompa ashike ni mti huo, kabla ya jembe.

La mwisho, usikwepe soko. Siku mkulima wako anapeleka mzigo, panda naye gari. Uone lumbesa kwa macho yako, gunia linavyojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kamba juu, halafu mkulima analipwa gunia moja. Uone dalali wa Mabibo au Ilala anavyotaja bei saa kumi na moja alfajiri na inavyoanguka jua likichomoza. Mboga ya majani haikusubiri uende kubembeleza. Ukishayaona hayo utajua upande nini na kiasi gani, na utajua kwa nini nyumba kumi za majirani zinazonunua kwako kila wiki ni bora kuliko gari moja la kwenda mjini.

mhasibu_tabata

Dada, shikamoo, na asante sana. Nimeisoma mara kadhaa na nimemsomea dada yangu kwa simu. Wazo la likizo kwa mkupuo nimeliacha.

Naomba niongeze mawili. Mkulima mwenyewe nampataje, maana pale Mlandizi sina ninayemfahamu zaidi ya jirani mwenye duka? Na maji ya kisima chetu yana ladha ya chumvi kwa mbali. Ni tatizo?

mgani_mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani Pwani miaka mingi, niongezee hapo.

Mkulima utampata kupitia ofisi ya kata. Mwone afisa ugani, muulize kama kuna shamba darasa linaloendelea. Wengine hawajui shamba darasa ni nini, wanadhani ni semina ya kukaa na daftari. Ni kikundi cha wakulima wanaokutana shambani kila wiki kwa msimu mzima. Wanapanda vipande viwili, kimoja kwa mazoea yao, kingine kwa njia wanayoijaribu. Kila wiki wanakagua mimea, wanahesabu wadudu waharibifu na wadudu marafiki, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, wanabishana, mwisho wanaamua wafanye nini wiki hiyo. Utaratibu huu ulianzia kwa wakulima wa mpunga Indonesia mwaka 1989, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakati wadudu walipokuwa wamewashinda pamoja na dawa zote walizopiga. Wewe usiyetaka dawa hapo ndipo pako. Ukikaa kwenye kikundi wiki chache utamjua nani mkulima kweli, na huyo ndiye wa kumwomba ngwe.

Kuhusu maji, ndiyo, ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Visima vifupi vya ukanda wetu vingine vina chumvi, na chumvi inajikusanya kwenye udongo kila unapomwagilia. Yapime kabla hujanunua mbegu. Maharage ndiyo yatakayoteseka kwanza, utaona kingo za majani zinaungua. Spinachi inavumilia zaidi. Mvua za masika husaidia kuisukuma chumvi chini, lakini mvua zikisha unarudi palepale, kwa hiyo matandazo mengi ili umwagilie kidogo.

Udongo nao upime. Maabara zipo SUA Morogoro na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, Tanga. Tembea shamba zima kwa zigizaga, chukua sehemu kama kumi na tano, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo. Usichukue chini ya mwembe, wala mahali palipochomwa takataka.

Kitu kingine cha kujifunza kwa mikono, na hiki watu wengi wa Pwani wanakipita: minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Mchanga wenye joto ndio makao yake. Siku mkulima wako anang'oa nyanya au bamia zilizokwisha, ng'oa na wewe, kung'uta udongo, angalia mizizi. Ukiona imevimbavimba mafundo, ndiyo hiyo. Usije ukachanganya na vinundu vya kunde. Vya kunde vinabanduka kwa ukucha, na ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Hao ni bakteria wema wanaoleta nitrojeni. Fundo la minyoo halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba. Mahali hapo msimu unaofuata usirudishe nyanya, bamia wala biringanya. Panda marejea, mmea wa jamii ya kunde, ifyeke inapoanza kutoa maua, ilaze juu ya udongo. Inapunguza minyoo na kurutubisha kwa pamoja.

Na ukipiga maji ya mwarobaini kwa wadudu wa majani, piga jioni. Jua kali linaharibu nguvu yake.

kihamba_chetu

Mimi nitatofautiana na wenzangu kidogo. Mnampangia mkuu mboga tu, na nusu eka ni mahali pa kuishi miaka mingi. Kwetu Kilimanjaro kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kina tabaka: juu miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa maharage, magimbi na mboga. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani, samadi yake inarudi kwenye migomba. Maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji wa asili, kwa zamu. Kihamba cha Shimbwe Juu FAO wamekitambua tangu 2011 kuwa ni urithi wa kilimo wa dunia. Nimelelewa humo na sijawahi kuona ardhi ya bibi ikiwa wazi hata hatua moja.

Kwa hiyo nashauri, pamoja na mboga, mkuu aende akakae kwenye kihamba hata siku tatu, afuatane na mzee mmoja tangu asubuhi. Ataona jinsi anavyochagua mgomba wa kukata na chipukizi la kuacha, na kwa nini hapandi kitu fulani chini ya kitu fulani. Mboga inakufundisha mwezi, mti unakufundisha miaka.

nyandira_juu

@kihamba_chetu nakubali kwa moyo mmoja, ila kwa mpangilio. Aanze na mchicha. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo ndani ya miezi mitatu anakuwa amepanda, amekosa, amepanda tena na amepata. Miti itafuata. Mringaringa na kahawa havitakwenda Mlandizi, lakini kile cha kutoiacha ardhi wazi kinakwenda popote. Tena yeye tayari ana mwanzo: ile miembe na mkorosho wasiikate. Mboga ziwe nje ya kivuli chao, mapapai na migomba karibu na kisima pale maji yanapomwagika, mbaazi pembezoni. Majani ya mwembe ni magumu, yanachelewa kuoza. Yakusanye uyatumie kama matandazo kuliko kuyaingiza kwenye mboji mazima mazima.

mhasibu_tabata

Wakuu, nimefarijika. Nimeomba ruhusa kazini Ijumaa niende ofisi ya kata, na nitabeba chupa ya maji na ndoo ya udongo kwa ajili ya Morogoro. Kozi ya Vianzi nitaulizia ratiba nikiwa hukohuko.

Swali la mwisho: huyo mkulima nitakayekwenda kwake kila Jumamosi, akitaka nimlipe?

nyandira_juu

Mlipe, ni haki yake, anakupa muda na maarifa yake. Ila kubalianeni kwa msimu au kwa mwezi. Ukimlipa kwa siku atajiona lazima akutafutie kazi ya kukuonyesha hata siku ambayo shamba linataka kuachwa lipumzike, na siku hiyo nayo unatakiwa uijue. Mwenye dhiki ya hela anaweza kupendelea umnunulie kitu cha shamba, roli ya mpira wa maji au samadi ya gari moja. Muulize, usimkadirie.

Na kwako Mlandizi usingoje kumaliza kujifunza. Tengeneza tuta moja tu karibu na kisima. Mchicha wa kwanza mwaga mbegu nusu tuta, nusu nyingine wiki inayofuata, usije ukakomaa wote siku moja ukawa unagawa mtaa mzima. Changanya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, maana ni ndogo mno, mkono mgeni huzirundika mahali pamoja. Ukichipua weka picha hapa, tutakuelekeza kupunguza.